Mnara wa simu unasingiziwa: kwa nini mkia wa helikopta yako unashtuka

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina helikopta ya rimoti ya umeme, saizi ya 450, mkia unazungushwa na mkanda. Rimoti ni ya gigahezi 2.4. Ikiwa hewani mkia unaruka ghafla kushoto kama umepigwa kofi, halafu unarudi wenyewe. Siku za unyevu haifanyi hivyo, au inafanya kidogo tu. Hewa ikiwa kavu inafanya hadi naogopa kuirusha. Karibu na uwanja kuna mnara wa simu, kama mita 400 hivi, na wenzangu wote wanasema mawimbi ya mnara yanaingilia yangu. Nimepewa rimoti ya zamani yenye ile antena ndefu ya kuvuta. Nirudi huko, au ninunue mpya yenye nguvu zaidi?"

Jibu:

Ndugu yangu, usinunue chochote kwanza. Na hiyo ya antena ndefu iache kabatini, nitakueleza sababu baadaye.

Umeandika sentensi moja iliyonijibia nusu ya swali kabla sijafika mwisho: siku za unyevu haifanyi hivyo. Mnara wa simu haujui kama leo kuna unyevu. Unarusha mawimbi yale yale, mvua inyeshe au jua liwake. Kinachojali ukavu wa hewa ni umeme tuli, na helikopta yako imebeba mtambo mzuri kabisa wa kuuzalisha, nao ni huo mkanda wa mkia. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Katika miaka yote niliyokaa na helikopta hizi, nyingi nilizoletewa kwa kesi ya "mawimbi yameingiliana" zilikuwa na ugonjwa wao wenyewe ndani ya fremu.

Lakini usikubali kwa kuwa nimesema mimi. Tuanze na namna rimoti inavyokosea, maana kosa la redio lina sura yake, na ukishaijua huwezi kulichanganya na lingine.

Servo, yaani mota ndogo inayosukuma sehemu za kuongozea helikopta, huongozwa na mipigo ya umeme. Mpigo wa milisekunde 1 unaipeleka upande mmoja, wa milisekunde 2 upande mwingine, na 1.5 ndiyo katikati. Mipigo hiyo hurudiwa, kwa servo za kawaida, kila baada ya milisekunde 20 hivi. Rimoti nyingi za zamani za FM zilikuwa zinatuma urefu wa mipigo hiyo angani kama ulivyo, mmoja baada ya mwingine, na kazi ya risiva, kile kipokezi kilicho ndani ya helikopta, ilikuwa kugawa tu: huu wa servo ya kwanza, huu wa pili, huu wa tatu. Kelele ikiingia njiani, risiva haina namna ya kujua. Mpigo wa 1.5 ukakatwa ukawa 1.2, servo inatii kama imeamriwa na wewe. Ndiyo maana wazee wa mchezo huu, wakisikia neno mwingiliano, wanawaza servo zinazotetemeka kama mtu mwenye homa. Walichokiona ni kweli, ila walikiona kwenye mashine ya aina nyingine.

Rimoti yako ya 2.4 inaandika amri kwa tarakimu, inazifunga kwenye pakiti, na kila pakiti inabeba utambulisho wa rimoti yake pamoja na hesabu ya ukaguzi. Hesabu isipolingana, risiva inaitupa pakiti nzima. Servo zinabaki pale zilipokuwa hadi ifike pakiti nzuri, na hiyo huja baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Pakiti zikikosekana kwa muda mrefu zaidi, servo zote zinaganda kwa pamoja, kisha risiva inaingia kwenye mpangilio wa dharura uliouweka. Kwa ufupi, rimoti hii ama inasema ama inanyamaza. Haigugumizi.

Sasa linganisha na ulichoniandikia. Mkia peke yake unaruka, kichwa cha rota kinaendelea kukutii, kisha mkia unarudi. Risiva iliyopoteza mawimbi haichagui servo moja ya kuitesa. Ingekuwa ni mnara, helikopta ingeendelea kufanya kile kile ilichokuwa inafanya, iwe kuinama, kupanda au kuzunguka, huku wewe unasukuma vijiti bila majibu. Waliowahi kupatwa na hilo watakwambia linatisha kwa sababu ya ule utulivu wake.

Turudi kwenye mkanda. Ni wa mpira, upande wa meno umevikwa kitambaa cha nailoni, unapita kwenye puli ambazo mara nyingi ni za plastiki, na unakimbia kwa kasi kubwa ndani ya bomba la alumini. Vitu viwili vya aina tofauti vikigusana na kuachana, kimoja huondoka na chaji ya mwenzake. Mwanafizikia wa Marekani Robert Van de Graaff alitumia jambo hilo hilo kuunda mashine yake mwishoni mwa miaka ya 1920: mkanda unabeba chaji, unaimwaga kwenye tufe la chuma, na volti zinapanda kwa kiwango cha kutisha. Wewe una mashine yake kwa umbo dogo, na badala ya tufe una bomba la mkia.

Bomba hilo limeshikwa na vishikio vya plastiki, kwa hiyo chaji haina pa kwenda. Inalundikana. Hewa kavu huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita kabla ya kukubali kupitisha cheche. Kama kati ya bomba na skrubu iliyo jirani pana nafasi ya milimita 2, bomba linaweza kupanda hadi volti 6,000 hivi ndipo liruke. Linaruka tik! mara moja, linabaki tupu, linaanza kujaa upya. Kwa hiyo pigo huja kwa vipindi, likiwa fupi na lisilotabirika. Siku yenye unyevu, utando mwembamba wa maji juu ya plastiki unaivujisha chaji polepole, na hakuna cha kuruka.

Na waya gani unakaa karibu zaidi na bomba? Waya wa servo ya mkia, ule unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye jairo, kifaa kinachopima mzunguko wa helikopta na kuushikilia mkia mahali pake. Watu wengi wameufunga kabisa juu ya bomba kwa vibano vya plastiki ili upendeze. Cheche ikirukia pale, jairo inasoma kitu ambacho hakikutokea, au ubongo wake unayumba kwa kitambo kidogo, na mkia unapiga kofi. Rimoti haikuhusika hata kidogo, kwa hiyo ukiibadilisha utakuwa umebadilisha shahidi na kumwacha mwizi.

Mimi mwenyewe nilipita njia hiyo na ilinigharimu. Nilibadilisha risiva, nikabadilisha jairo, nikabadilisha servo ya mkia, na mkia ukaendelea. Jioni moja nikaifunga mashine mezani bila mapanga nikazima taa ya chumba, kwa sababu tu nilitaka kuiona vizuri taa ndogo ya jairo. Niliiona taa, na nikaona kingine: kati ya bomba na kichwa cha skrubu ya servo kulikuwa na uzi mwembamba wa buluu unaotokea na kutoweka, kila mara na sauti kama ukucha unaogonga kikombe. Nilisogeza mkono karibu na bomba, nywele za mkono zikasimama. Jairo niliyokuwa nimeitupa kwenye boksi la takataka nikaenda kuitoa.

Hilo ndilo jaribio la kwanza ninalokuomba ufanye, lakini kwa adabu. Ondoa mapanga makubwa, ondoa na ya mkia. Kama kichwa cha rota kina ile fimbo ya mizani yenye vikasia, iondoe pia. Ifunge fremu imara mezani, usiishike kwa mkono, na uso wako ukae pembeni, usiwe usawa wa kichwa cha rota. Hata bila mapanga, gia inaweza kumega kidole. Zima taa, washa mota kwa kasi ya wastani, subiri dakika moja. Hewa ikiwa kavu utaona au utasikia. Usipoona kitu siku ya unyevu hujathibitisha chochote. Rudia siku kavu.

Tiba yake ni kipande cha waya. Chukua waya laini wenye nyuzi nyingi, uunganishe bomba la mkia na bati linaloshika mota. Kama boksi la gia ya mkia ni la chuma na limekaa kwenye plastiki, liunganishe nalo na bomba. Ukifanya hivyo bomba, mota na vyuma vingine vinakuwa kitu kimoja kiumeme, hakuna aliye na volti zaidi ya mwenzake, basi hakuna sababu ya kuruka. Hapa ndipo wengi wanapokosea: alumini ya bomba imefunikwa ngozi ngumu ya rangi, nyeusi au ya fedha, na ngozi hiyo haipitishi umeme. Ukikaza waya juu yake umefunga pambo. Kwangua kwa msasa sehemu ndogo, ya kutosha kichwa cha skrubu, hadi uone chuma kinachong'aa, ndipo ukaze. Kisha weka multimita kwenye omu, ncha moja kwenye mwisho wa bomba palipokwanguliwa, nyingine kwenye mota. Ikisoma karibu na sifuri, umemaliza. Ikisoma mamia au haisomi kabisa, kwangua tena.

Hamisha pia waya wa servo usigusane na bomba, hata kama ni kwa kuuinua kwa vipande vya sponji. Angalia mkanda haujakazwa mno, maana mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa unasugua zaidi na unakula beringi. Dawa ya kupuliza ya kuzuia umeme tuli, ile wanayotumia mafundi wa vifaa vya elektroniki, inasaidia kwa siku chache kisha inakwisha. Mimi naitumia kuthibitisha ugonjwa zaidi kuliko kuutibu. Puliza kidogo kwenye mkanda, rusha. Mkia ukitulia kwa ghafla, umempata mwizi.

Kuna ugonjwa wa pili nataka uutazame, kwa sababu mashine moja inaweza kuwa na yote mawili, na huu ndio unaoangusha helikopta nyingi za saizi yako huku ukiitwa mwingiliano. Ni njaa ya volti. Betri yako ya seli tatu ikijaa ina volti 12.6. Risiva, jairo na servo zinataka kama volti 5. Kati yao kuna kipunguza volti, na kwenye mashine nyingi kimejengwa humo humo ndani ya kidhibiti cha mota. Vile vya aina rahisi hupunguza kwa kuichoma tofauti kuwa joto. Piga hesabu: tofauti ni volti 7.6, servo zako nne zikivuta ampia 2 kwa pamoja, hiyo ni zaidi ya wati 15 za joto ndani ya kifaa kidogo kilichoviringishwa nailoni. Kinapata moto, kinajikinga, kinakata. Risiva inazimika, inaamka, inaanza kumtafuta mwenye rimoti yake. Baadhi ya risiva za mwanzo za 2.4 zilichukua sekunde kadhaa kufanya hivyo, na helikopta haina sekunde kadhaa za kukopesha.

Dalili zake ni tofauti na za mkanda. Servo zote zinaganda, mkia na kichwa pamoja. Hutokea zaidi unapovuta pembe ya mapanga kwa nguvu, maana servo tatu za kichwa zinakimbia kwa wakati mmoja, au dakika za mwisho za kuruka wakati kila kitu kimepata joto. Baadhi ya risiva za kisasa zinaacha ushahidi: ukitua bila kuzima umeme, taa yake inawaka kwa kumetameta badala ya kuwaka mfululizo. Jenga tabia ya kuitazama taa hiyo kabla ya kuchomoa betri. Usiichomoe kwa hasira baada ya ajali, umefuta ushahidi.

Kupima, chomeka multimita kwenye tundu la risiva lisilotumika, mota ikiwa imetenganishwa, kisha zungusha vijiti vyote kwa fujo kwa nusu dakika. Ukiona volti zinashuka kutoka 5 hadi karibu 4, hapo pana tatizo, na ujue kwamba multimita husoma polepole, volti zikishuka kwa kitambo kifupi sana (mashimo) haioni, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko inavyosoma. Kama rimoti yako inapokea taarifa kutoka kwenye helikopta, iweke ikuonyeshe volti ya chini kabisa ya risiva; hiyo ni bora kuliko multimita. Tiba ni kipunguza volti cha pembeni cha aina ya kukatakata, kinachowasha na kuzima umeme kwa kasi badala ya kuuchoma kuwa joto, chenye uwezo wa ampia 5 au zaidi. Hicho nacho kina kelele yake ndogo ya redio, hivyo kiweke mbali na risiva, na waya wake uuzungushe mara nne au tano kwenye pete ya feriti, ile inayomeza kelele ya redio. Kapasita ya kuchomeka kwenye risiva inaziba mashimo mafupi tu. Haiwezi kulisha servo zenye njaa ya kweli.

Mtetemo nitautaja kwa kupita. Jairo hupima mzunguko, na ikitikiswa kwa kasi mbaya inaweza kuona mzunguko usiokuwepo. Shafti iliyopinda, beringi iliyochoka, mapanga yasiyolingana uzito, gundi ya sponji iliyoachia kona moja chini ya jairo: chochote kati ya hivyo kinatoa mkia unaoyumba. Ila huo huyumba kwa kufuata kasi ya rota, haupigi kofi moja kisha ukatulia. Na usisahau plagi. Nimewahi kuona waya wa servo uliokatika ndani ya ganda lake, nje mzima kabisa, unashikana na kuachana kadiri fremu inavyotetemeka. Vuta kila waya taratibu karibu na plagi. Ukirefuka kama mpira, ndani hamna kitu.

Tuurudie mnara, nisije nikaonekana nimepewa kazi ya kuutetea. Simu hutumia masafa mengi: ya megahezi 700 hadi 900, 1800, 2100, 2600, kutegemea nchi. Rimoti yako iko kati ya megahezi 2400 na 2483.5. Ziko nchi ambazo mitandao imepewa 2300 hadi 2400, yaani mlango wa jirani, na jirani mwenye sauti kubwa akiwa karibu sana anaweza kuiziba masikio risiva hata kama hazungumzi chumbani mwako. Kwa hiyo wenzako hawasemi upuuzi. Ila umbali nao unahesabika: ukienda mbali mara mbili, nguvu inabaki robo. Tena antena za mnara hurusha mbele kwa upana, zikiinama kidogo, hazimwagi nguvu yote miguuni pake. Anayerushia chini kabisa ya mnara anaweza kupokea mawimbi dhaifu kuliko aliye mita mia kadhaa mbele yake. Ndiyo sababu hili halijibiwi kwa kuutazama mnara kwa jicho baya. Linajibiwa kwa kupima.

Ningeuogopa zaidi mtumaji mdogo aliye karibu. Kamera ya video inayorusha picha kwa 2.4 ikiwa juu ya helikopta hiyo hiyo, sentimita 10 kutoka kwenye risiva, ni adui mkubwa kuliko minara kumi. Video ihamie gigahezi 5.8. Ruta za Wi-Fi nazo zimo humo humo. Hata hivyo rimoti za leo zimeundwa kwa soko lenye kelele: zinaruka kutoka masafa haya hadi yale mara nyingi kwa sekunde, rimoti na risiva zikifuata mpangilio mmoja wanaoujua wao wawili, na pakiti iliyogongana na ya mwingine inafuatwa na nyingine mahali pengine. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Marekani ya kuongoza topido kwa mawimbi yanayohama, wakapendekeza masafa 88, idadi ya vibonye vya piano.

Kuhusu nguvu zaidi, sahau. Kuna kikomo cha kisheria. Ulaya, kwa mfano, ni miliwati 100 kwa 2.4, na rimoti nzuri inafika mbali kuliko macho yako. Helikopta yenye mapanga ya milimita 325 ikipita mita 150 huwezi tena kujua inaangalia wapi. Tatizo lako halijawahi kuwa umbali.

Sasa hiyo ya antena ndefu. Rimoti za aina hiyo zilifanya kazi, kwa Marekani, kwenye megahezi 72 zikiwa na chaneli 50 zilizopishana kilohezi 20; Ulaya nyingi zilikuwa 35, zikipishana kilohezi 10. Kila chaneli ni ya mtu mmoja. Uwanjani palikuwa na ubao wenye vibanio, na bila kushika kibanio cha chaneli yako huruhusiwi kuwasha, kwa sababu ukiwasha juu ya chaneli ya mwenzako aliye hewani, umemwangusha pale pale. Risiva rahisi za wakati ule zilikuwa na udhaifu mwingine: ndani yake zilifanyia kazi mawimbi kwa kilohezi 455, na rimoti mbili zilizopishana kiasi hicho, kama chaneli 23 kwa zile za 72, ziliweza kuzalisha kelele pale pale ndani ya risiva ya mtu wa tatu asiyehusika. Na antena ya risiva ni waya wa karibu mita moja. Kwenye helikopta ndogo utaupitisha wapi bila kuulaza kando ya bomba la mkia, kwenye zile cheche? Utakuwa umechukua ugonjwa wako na kuuletea kipaza sauti. Sifa moja nitaipa: mawimbi yale marefu, zaidi ya mita 4 kwa 72, yanapita kando ya vizuizi vidogo ambavyo 2.4 inagonga. Hiyo haitoshi.

Kwa kuwa 2.4 inagonga, tazama antena zako. Wimbi lake ni sentimita 12.5, na sehemu inayopokea ni zile milimita 31 za mwisho, ule mkia mwembamba uliovuliwa ganda. Milimita hizo zikae nje ya fremu, zisiguse nyuzi za kaboni wala betri, zisipindwe. Usizikate kamwe, na usizirefushe. Kama ni antena mbili, moja isimame na nyingine ilale, pembe ya digrii 90 kati yao, ili helikopta ikigeuka vyovyote moja ibaki inaona. Kwenye rimoti, ncha ya antena ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Usiielekeze kwenye helikopta kama bunduki. Igeuze, ubavu wake ndio uitazame helikopta.

Halafu pima. Rimoti yako ina hali ya kujaribu umbali wa mawimbi, inayopunguza nguvu kwa makusudi. Kitabu chake kitakwambia umbali, na mara nyingi ni hatua 30 hivi. Mapanga yakiwa yameondolewa, helikopta imefungwa juu ya meza ya mbao, usiiweke chini. Tembea mota ikiwa imezimwa, mwenzako akiangalia servo. Rudia mota ikizunguka. Mota ikizimwa unafika hatua 30 na ikiwashwa unakwama 15, kelele inatoka ndani ya mashine. Ukipata umbali ule ule mota ikiwa imewashwa au imezimwa, lakini uwanjani unapata 15 na sehemu nyingine, mbali na mnara, unapata 30, basi wenzako walikuwa sahihi na uwanja ndio wa kuhama. Mwambie mwenzako asimame palepale mara zote. Mwili wa mtu ni maji mengi, na maji yanameza 2.4.

Kabla hujarudi hewani, kagua mpangilio wa dharura. Mapanga yakiwa bado yameondolewa, mota ikizunguka, zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama, risiva yako imehifadhi kasi ya kuruka kama amri ya dharura, na siku itakapopoteza mawimbi kweli itakuwa kisu kinachozunguka bila mwenyewe. Irekebishe siku hiyo hiyo.

Basi, kwa mpangilio ambao mimi ningefuata kwenye mashine hii: chumba chenye giza leo usiku kama hewa ni kavu, waya wa bomba kesho asubuhi, volti za risiva mchana, kisha jaribio la umbali uwanjani na mota ikizunguka. Ukimaliza waya na multimita inasoma sifuri, na mkia bado unapiga kofi siku kavu, chomoa servo ya mkia na ujaribu ya kuazima kabla ya kugusa jairo. Servo iliyochakaa katikati ya mwendo wake hushtuka vilevile, nayo hupenda kushtuka upande mmoja tu, kama unavyosema wako unaruka kushoto.